Patroclus bin Menoetius: siku tano Mannheim na Heidelberg

Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Nimefika kwa dada Mannheim saa nane mchana, miguu imevimba kwa kukaa ndegeni usiku kucha. Dada yuko kazini hadi jioni, ila ameniachia mahamri na mbaazi mezani, na aliyenipokea ni bintiye. Kazaliwa huku huku Ujerumani, lakini shikamoo yake ni ya Tanga kabisa, nayo imenipunguzia uchovu kuliko chai.

"Mama mdogo, mama kaniambia Alhamisi unataka kwenda Heidelberg. Unakwenda kuona ile ngome?"

"Ngome tutaipita tu. Nakwenda juu mlimani, kwenye kituo cha kutazamia nyota. Kuna jiwe liligunduliwa pale."

"Na jiwe lenyewe lipo pale?"

"Jiwe lenyewe liko kilomita milioni 780 kutoka kwenye jua."

Alinitazama kwa muda, kisha akavuta kiti. Nikamweleza nilichokuja kukitafuta, na hapa nakiandika jinsi nilivyomwambia.

Nafundisha fizikia sekondari. Mwaka jana nilichora ubaoni jua, Mshtarii, na yale makundi mawili ya asteroidi, yaani mawe ya angani, zinazotumia njia ile ile ya Mshtarii kulizunguka jua: kundi moja limetangulia, jingine limefuata nyuma, kila moja kwa nyuzi 60 hivi. Zinaitwa asteroidi za Kitroya, na zilizokwisha kuhesabiwa zimepita 10,000. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: "Mwalimu, Mshtarii ni mkubwa hivyo na wako njia moja, mbona hayamezi?" Nikajibu kwamba nguvu zimelingana pale. Jibu ni sahihi, ila halikumtosha, wala mimi halikunitosha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, na katika kusoma nimelipenda jiwe moja kupita mengine yote, linaitwa Patroclus. Lina upana wa kilomita 113 hivi. Ukilinganisha na Unguja, toka Nungwi hadi Makunduchi haufiki hapo. Na ni jeusi kama masizi ya sufuria: katika kila mwanga wa jua unaolipiga, linarudisha kiasi cha asilimia tano tu.

Jioni dada aliporudi, tukainamia simu moja sote watatu. Saa kumi na mbili na dakika sita za huku Marekani walikuwa wanarusha Europa Clipper, chombo kinachokwenda Mshtarii kuuchunguza mwezi wake Europa, kitafika 2030. Dada hafuatilii mambo haya, lakini roketi ilipoinuka alishika kifua hadi ilipopotea. "Mungu awafikishe salama," akasema. Bintiye akamwambia hakuna mtu ndani. "Basi awape umri waliokitengeneza, wakione kikifika."

Niliitikia amina.

Jumanne, 15 Oktoba

Katikati ya Mannheim mitaa haiitwi kwa majina. Mji umekatwa miraba kama daftari la hesabu, kila mraba una herufi na namba. Mpwa wangu akanipeleka hadi A4, karibu na kanisa la Wajesuti, na hapo upo mnara wa zamani wa kutazamia nyota. Sikuwa nimeupanga katika safari hii. Nilikuwa nimesoma juu yake usiku wa kuamkia leo, kitandani, na asubuhi nikasema lazima niuone.

Jiwe la msingi la mnara huu liliwekwa mwaka 1772. Mwaka huo huo, Berlin, mwanahisabati Joseph-Louis Lagrange alikuwa anaandika insha yake kuhusu miili mitatu inayovutana. Hesabu ya miili miwili, kama jua na sayari moja, Newton alikwisha kuimaliza. Ukiongeza wa tatu hesabu inakuwa msitu. Lagrange akapata ndani ya msitu ule uwazi mdogo: kama miili mitatu imekaa kwenye pembe tatu za pembetatu yenye pande sawa, inaweza kuzunguka pamoja bila pembetatu ile kuvunjika. Kwake ilikuwa hesabu tu, hapakuwa na kitu chochote kilichojulikana angani kinachokaa hivyo. Ilibidi kupita miaka 134.

Huku Mannheim, mnara ulijengwa kwa ajili ya padri Christian Mayer, mnajimu wa mtawala Karl Theodor. Mayer alikuwa akiona nyota zilizo mbili mbili, moja kubwa na nyingine ndogo kando yake, na akasema hizi si jirani wa kuonekana tu, ni wenzi kweli. Wakubwa wa fani walimshambulia, hata mwaka 1778 akalazimika kuandika kitabu kizima cha kujitetea. Si kila alichodai kilikuwa sawa. Lakini kwamba mbinguni kuna vitu vinavyotembea wawili wawili, katika hilo alikuwa mbele ya wenzake.

Nilisimama chini ya mnara ule nikifikiria mambo mawili kwa pamoja: pembetatu ya Lagrange na wawili wawili wa Mayer, vyote vya miaka ile ile, na hakuna aliyejua kwamba kuna jiwe moja jeusi lililobeba yote mawili. Kwa sababu Patroclus si moja. Mwaka 2001 darubini ya Gemini kule Hawaii, yenye kioo cha mita nane na mtambo wa kuondoa mtetemo wa hewa, ilionyesha kwamba nukta ile ni mawe mawili yanayokaribiana kwa ukubwa. La pili lina kilomita 104 hivi. Yanazungukana kwa siku nne na kidogo, yameachana kwa chini kidogo ya kilomita 700, na yanatazamana uso kwa uso wakati wote, hakuna linalompa mwenzake kisogo.

Mpwa wangu aliuliza swali zuri: imejulikanaje ukubwa wake, ikiwa hata kwenye darubini ni nukta? Nikamwambia njia ninayoipenda kuliko zote ni ya kivuli. Tarehe 21 Oktoba 2013 mawe yale yalipita mbele ya nyota, na watazamaji, wengi wao wa kujitolea, walikuwa wamejipanga Marekani, kila mmoja mahali pake na darubini yake na saa yake. Kila mmoja aliandika nyota ilizimika lini na ikawaka lini. Ukijua jiwe linakwenda kasi gani, sekunde za giza zinakupa kilomita. Weka mistari ya watu kumi na moja sambamba na umbo linatokea, kama kupima ngoma gizani kwa mikono ya watu wengi.

Tulikula viazi vya kukaanga tukiwa tumesimama, tukarudi. Mvua ilikuwa inaanza.

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua siku nzima. Sikutoka.

Leo imetimia miaka mitatu tangu chombo kiitwacho Lucy kirushwe kutoka Cape Canaveral. Ndicho cha kwanza kutumwa kwenye asteroidi hizi za Kitroya. Jina lake limetoka kwetu Afrika Mashariki: ni la yule mama wa kale ambaye mifupa yake ilipatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974. Waethiopia wanamwita Dinkinesh, na asteroidi ndogo ya kwanza ambayo Lucy ilipita kando yake, Novemba mwaka jana, ilipewa jina hilo hilo. Ikakutwa nayo ina mwenzake. Wakamwita Selam. Kila nikisoma habari za mawe haya wanatokea wawili.

Hivi sasa Lucy inarudi kuelekea duniani. Mwezi Desemba itapita karibu nasi ichukue kasi, kisha mwaka 2027 na 2028 itembelee kambi ya mbele, yaani lile kundi lililomtangulia Mshtarii, irudi tena huku duniani, ndipo iende kambi ya nyuma, lile linalomfuata. Patroclus na mwenzake ndio wa mwisho, tarehe 2 Machi 2033.

Mchana mpwa wangu alitaka kuelewa hasa watu wa Heidelberg waliwezaje kulipata jiwe jeusi katikati ya maelfu ya nyota. Maneno hayakutosha, nikaomba dengu. Nikamwaga kiasi cha kikombe kimoja juu ya sinia jeusi la kuokea, zikatawanyika. Nikamwambia, "Zitazame vizuri. Sasa geukia ukutani." Nikasogeza dengu moja, upana wa kucha. "Ipi imehama?"

Alitafuta hadi macho yakamtoka machozi. Hakuiona.

Tukaanza upya. Safari hii akapiga picha kwa simu kabla, nikasogeza, akapiga tena mkono ukiwa pale pale juu ya mrundo wa vitabu. Kisha akawa anatelezesha kidole, picha ya kwanza, ya pili, ya kwanza, ya pili. Zote zilitulia ila moja, iliyokuwa ikiruka. Alipiga kelele hadi nikaogopa jirani atagonga.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Max Wolf, mzaliwa wa Heidelberg, alikuwa wa kwanza kugundua asteroidi kwa njia ya picha, Desemba 1891. Kabla yake watu walikaa na ramani ya nyota na jicho kwenye darubini, wakilinganisha nukta moja moja. Wolf aliweka bamba la kioo lililopakwa dawa ya picha, akaliacha wazi masaa, huku akiiongoza darubini ifuate nyota bila kutetereka. Nyota zikatoka nukta, na chochote kinachotembea kikaacha mstari. Baadaye akawa na kifaa cha Carl Pulfrich wa kampuni ya Zeiss cha kutazama mabamba mawili ya nyakati mbili kwa pamoja, ndio dengu zetu za leo. Kwa njia hizo alipata asteroidi 248.

Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu ambayo sijaikuta imeandikwa popote, hivyo makosa yakiwepo ni yangu. Asteroidi ya kawaida, zile za kati ya Mirihi na Mshtarii, dunia ikiwa katikati yake na jua, inaacha kwenye bamba la darubini kama ile ya Heidelberg mstari wa karibu theluthi moja ya milimita kwa saa. Ya umbali wa Mshtarii inaacha karibu nusu ya hapo. Bamba likiachwa wazi masaa mawili, mstari haufiki nusu milimita. Ufupi huo ndio uliosema kila kitu. Februari 1906 Wolf alipata mstari mfupi kupita kawaida. Jiwe hilo likaitwa Achilles, na mnajimu Carl Charlier wa Lund, Sweden, akatambua kwamba limekaa mahali pale pale ambapo Lagrange alipachora karatasini.

Dada aliporudi alikuta dengu mezani, akauliza nani kazimwaga. Akazikusanya zote, akaziloweka.

Alhamisi, 17 Oktoba

Hii ndiyo siku niliyoijia. Tarehe 17 Oktoba 1906, juu ya mlima Königstuhl, August Kopff aligundua Patroclus. Leo miaka 118 kamili.

Treni ya Mannheim hadi Heidelberg ni fupi, hata chai ya chupa haikupoa. Königstuhl maana yake ni Kiti cha Mfalme, urefu wake kutoka usawa wa bahari haufiki mita 570. Mtu wa Usambara angekiita kilima. Ipo treni ya kamba inayopanda hadi kileleni, lakini sehemu yake ya juu ilifunguliwa 1907. Nilitaka kupanda kama alivyolazimika kupanda mtu wa 1906, kwa miguu. Nyuma ya ngome inaanzia njia ya mawe inayoitwa Himmelsleiter, Ngazi ya Mbinguni: zaidi ya vidato elfu moja vya mawe mekundu ya mchanga, vimepishana urefu, vingine vimelegea, na leo vyote vimefunikwa majani yaliyoloa.

Tulipumzika mara nyingi. Katika pumziko moja mpwa wangu aliuliza Kopff alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia alikuwa kijana wa hapa hapa Heidelberg, msaidizi wa Wolf, na mwaka ule ule, Agosti, alikuwa ameshagundua nyota yenye mkia ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Alikuwa na miaka 24.

"Kama mimi," akasema, na toka hapo alitangulia mbele.

Juu kulikuwa na ukungu. Kituo kipo msituni, majengo ya mawe na makuba yake yakiwa yametawanyika kati ya miti, na watu bado wanafanya kazi humo. Hatukuwa na miadi, hivyo tulizunguka kwa nje. Jirani yake kuna taasisi ya Max Planck, na jengo jipya lililojengwa kwa umbo la galaksi iliyojiviringisha yenye mikono miwili, ambalo watoto wa shule hupelekwa kujifunza. Mpwa wangu alipenda hilo. Mimi nilitaka kuba za zamani.

Kituo kilifunguliwa 1898. Darubini yake kubwa ya picha, iliyowekwa 1900, ilinunuliwa kwa pesa za mama mmoja wa New York, Catherine Wolfe Bruce, aliyetoa dola 10,000. Alikuwa mzee, mgonjwa, hakuolewa, na alitumia urithi wake kuwanunulia wanajimu wa nchi mbalimbali vyombo. Alifariki Machi 1900. Ile darubini ina lenzi mbili kubwa pacha, kila moja ya sentimita 40, na mabamba mawili yanapigwa kwa mara moja. Sababu yake ni nzuri: vumbi au doa kwenye dawa linaweza kujifanya jiwe, lakini doa haliwezi kuanguka mahali pamoja kwenye mabamba mawili. Wolf aliipa ile asteroidi yake ya kwanza jina Brucia, kwa heshima ya mama huyu. Nilisimama pale kwenye ukungu nikamwombea. Sina namna nyingine ya kumshukuru.

Halafu kuna mwezi. Nyumbani kabla ya kuja nilipiga hesabu ya mwezi wa usiku ule wa 1906, nikakuta ulikuwa gizani kabisa, karibu kuandama. Ni jambo la kutarajiwa, wapiga picha wa nyota huvizia usiku wa namna hiyo. Lakini nilipoendelea nikaona ni mwandamo wa Ramadhani ya mwaka 1324 Hijria. Yaani wakati Kopff anaingiza bamba lake kwenye darubini, pwani yetu yote, toka Lamu hadi Kilwa, watu walikuwa wanahesabu siku za mwisho za Shaabani, wakijiandaa kupanda kwenye dari na kwenda ufukweni kuutafuta mwezi. Macho ya pande zote mbili yalikuwa juu, kila mmoja akingojea lake.

Siwezi kuandika hilo nikaacha lililobaki. Nchi yangu wakati ule ilikuwa ikitawaliwa kutoka nchi hii. Achilles aligunduliwa hapa tarehe 22 Februari 1906. Siku tano baadaye, tarehe 27, mashujaa wa Wangoni walinyongwa Songea kwa kupigana vita vya Maji Maji. Oktoba ile, kusini, mashamba na maghala yalikuwa yamechomwa na watu wanakufa kwa njaa. Sisemi kwamba kijana aliyekuwa huku juu na mabamba yake alikuwa na mkono katika hayo. Nasema tarehe hizi zinakaa katika kalenda moja, na mimi ni mtu wa kalenda hiyo pande zote mbili. Mpwa wangu hakuwahi kusikia kuhusu Songea. Tulikaa kwenye benchi nikamsimulia hadi mikono ikawa baridi, na hatukuzungumzia asteroidi kwa muda mrefu.

Tulishuka kwa basi jioni, tukala supu, tukangojea. Ukungu ulianza kukatika saa mbili usiku. Saa nne na nusu tulikuwa kwenye Daraja la Kale juu ya mto Neckar, tunatazama mashariki mto unakotokea.

Mwezi ulikuwa mpevu, mkubwa. Kwa upande wa kushoto, chini zaidi, juu ya vilima, Mshtarii ilikuwa imeshachomoza, nyeupe, haipepesi. Nikamfundisha mpwa wangu kupima kwa shubiri: nyoosha mkono mbele, tanua vidole, toka kidole gumba hadi cha mwisho ni kama nyuzi 20. Anza kwenye Mshtarii, nenda magharibi shubiri tatu na zaidi kidogo, hapo ndipo kambi ya nyuma ilipo. Mwezi ulikuwa umeipita kambi kwa kama shubiri moja tu. Mwaka 1906 usiku huu ulikuwa giza totoro, na mwaka huu mwezi umekuja ukasimama karibu na mlango.

"Kwa hiyo tunatazama pale pale lakini hatuoni kitu."

"Hata bila mwezi tusingeona. Ni hafifu mara maelfu kuliko nyota ya mwisho ambayo jicho linaweza kuifikia."

Hapo ndipo nikajaribu kujibu swali la mwanafunzi wangu, kwa kumtumia yeye. Nikamwambia afikirie uwanja wa mbio wenye njia nyingi. Njia ya ndani ni fupi na wanaokimbia humo wana kasi. Njia ya nje ni ndefu, tena polepole. Patroclus inamfuata Mshtarii nyuma. Ikisogea karibu mno, Mshtarii inaivuta mbele. Mtu angedhani sasa itafika na kumezwa. Lakini kitu kinachozunguka jua ukikivuta mbele kinapata nguvu ya kupanda, kinahamia njia ya nje, na njia ya nje ni ya polepole, basi kinabaki nyuma. Kuvutwa ndiko kunakokichelewesha. Kikichelewa mno, mizani inageuka, kinashuka njia ya ndani, kinakimbia, kinakaribia tena. Kwenda na kurudi hivyo kunachukua karibu miaka 150.

Alikaa kimya, kisha akasema, "Yaani mkubwa akizidi kukuvuta kwake ndiyo unazidi kwenda mbali." Sikuongeza neno. Nitalipeleka darasani hivyo hivyo, kwa maneno yake.

Kisha habari za majina. Mnajimu Johann Palisa wa Vienna ndiye aliyependekeza kwamba mawe haya yapewe majina ya watu wa vita vya Troya, ile hadithi ya kale ya Wagiriki waliopigana na mji wa Troya. Baadaye ukawekwa utaratibu: kambi ya mbele ni ya Wagiriki, ya nyuma ni ya watu wa Troya. Lakini Patroclus alikwisha kupewa jina kabla, na Patroclus katika hadithi ni Mgiriki, kipenzi cha Achilles. Akabaki peke yake katika kambi ya adui. Na Hektor, mwana wa mfalme wa Troya, aliyemuua Patroclus vitani, yuko katika kambi ya Wagiriki. Hektor naye aligunduliwa na Kopff huyo huyo, Februari 1907. Yule mwenzake Patroclus aliyeonekana 2001 akaitwa Menoetius, ambalo ni jina la baba yake.

"Patroclus bin Menoetius," mpwa wangu akasema, kama anasoma hati ya shule.

Ndivyo hasa. Na baba amemfuata mwana hadi kwenye kambi ya adui, wanatazamana. Ungesimama juu ya Patroclus ungemwona Menoetius ametundikwa mahali pamoja angani, hachomozi wala hatui, upana wake zaidi ya mara kumi na tano ya mwezi huu tuliokuwa tunauona, mweusi, chini ya jua lenye mwanga wa sehemu moja ya ishirini na saba ya jua letu. Wamezaliwa mbali sana, ng'ambo ya sayari kubwa, kwenye baridi. Sayari zile zilipohamahama, mawe mengi yalitupwa huku na huku, machache yakanaswa katika kambi hizi mbili. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba jozi kama hii isingeweza kudumu kule ilikozaliwa kwa muda mrefu, migongano ingeitenganisha. Kwa kuwa bado wako pamoja, basi sayari zilihama mapema mno, ndani ya miaka milioni 100 ya mwanzo. Baba na mwana kushikana tu, kumetupa tarehe ya jambo kubwa kuliko yote yaliyowapata sayari.

Tulirudi Mannheim na treni ya usiku. Mpwa wangu alilala begani mwangu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimeamka nimechelewa, magoti yanauma. Dada kaenda kazini. Nimefua, nimekunja nguo, nimeandika barua ya maswali kumi kwa ajili ya kidato cha tatu. Tangu Kopff alipolipata, jiwe lile limelizunguka jua karibu mara kumi tu, mzunguko mmoja ni karibu miaka 12. Wanafunzi wenyewe wakipiga hesabu hiyo wataona kwamba hakuna kati yao aliyefikisha mizunguko miwili.

Mchana mpwa wangu aliniita mezani. Sinia jeusi lilikuwa limerudi, na dengu nyingine, alizonunua mwenyewe njiani. "Zamu yako, mama mdogo." Alikuwa amepiga picha mbili tayari. Nikashika simu, nikatelezesha kidole, ya kwanza, ya pili, ya kwanza, ya pili. Kwenye kona ya chini dengu moja iliruka, kidogo sana, chini ya upana wa kucha.

"Hii hapa," nikasema.

"Una hakika ni hii?"

"Nina hakika."

Akachukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaikuza tena hadi ukungu wa picha ukaanza kuonekana, akanirudishia. Kati ya weusi na weusi kulikuwa na uzi mwembamba wa mwanga.

"Ziko mbili," akasema.

Tuliziacha kwenye sinia hadi mama yake aliporudi, tukamwambia na yeye atafute.